"Kuk-edi, wosh-edi": somo nililopewa na Zuhura

Leo nimejua kwa nini nilikosa kazi ya hoteli Kikambala, miaka ile ya themanini.

Zuhura, shoga yangu wa Barani, ndiye aliyenifundisha Kiingereza cha intavyu.
"Jambo likishapita, bandika 'ed', uitamke yote. 'Cooked' ni kuk-edi. 'Washed' ni wosh-edi."

Nikatamka hivyo hivyo. Meneja akacheka.

Akaingia Zuhura, naye alikuja kuomba kazi ile ile. Nikamsikia mlangoni: "Kukt. Wosht."
Kazi akapata. Nikadhani kajifunza kwa kosa langu.

Leo arusini awasimulia wenzetu alivyonifundisha 'kuk-edi' makusudi, nami nimekaa papo hapo: "Nafasi ilikuwa moja, na mimi nilikuwa naitaka."

Wakacheka.
Nikamuuliza, "Kwani mimi sikuwa naitaka?"


Nimechukua buibui langu, nimeondoka. Hata biriani sikuonja.

Nyinyi mngekaa?