Modesta na Uso wa Chenge

Modesta anauza ugali na mgagani, ile mboga chungu ya majani, pale mtaa wa Mirongo mwaka wa tisa sasa, na karibu miaka yote hiyo amegombana na wateja. Nusu wanaomba waongezewe mboga. Nusu wanasukuma sahani pembeni kama wamewekewa dawa ya minyoo.

"Mnadeka tu," huwaambia. "Mbona mimi sisikii uchungu wowote?"

Kosa lilikuwa hapohapo. Mgagani huchemshwa, maji yakamwagwa, ukachemshwa tena, mpaka mpishi aonje na kuona uchungu umeisha ndipo atie maziwa. Modesta alikuwa anaonja mchemsho wa kwanza, anauona mtamu, anatia maziwa.

Mwezi wa sita, Bibi Tereza wa Kisesa akatangaza kwamba anatafuta mpishi wa harusi ya mjukuu wake, na Jumamosi angepita kuonja. Ukipika harusi ya Kisesa ukasifiwa, huitwi tena mama lishe; unaitwa mpishi. Modesta alilitaka jina hilo kuliko usingizi.

"Utamuua bibi wa watu," alisema Chenge, fundi pikipiki anayekula pale kila siku ili apate cha kulalamikia. "Ulimi wako umekufa ganzi."

Nikaingilia, mimi niliyekuwa nakula benchi hilohilo. Stashahada yangu ya maabara niliiacha nusu, lakini hiyo nusu niliisikiliza. Chuoni tulilambishwa vikaratasi vyenye dawa chungu. Mimi sikuhisi kitu. Jirani yangu alikimbilia bomba. Mwalimu akasema hata uchungu wa baadhi ya majani uko hivyo: kuna waliorithi ulimi wa kuukamata, na kuna ambao hawakurithi.

"Kwa hiyo hakuna anayedeka, dada. Wewe ndiye usiyeusikia."

Modesta akaweka mwiko chini. Kisha akamgeukia Chenge.

"Kuanzia leo unakula bure. Kazi yako ni kukunja uso."

Jumamosi Chenge alikaa kando ya sufuria. Mchemsho wa kwanza, uso wote ukajikunja. Wa pili, jicho moja. Wa tatu akasema, "Hebu niongezee, sijaelewa vizuri." Maziwa yakaingia.

"Shikamoo, bibi," Modesta alisema, akiweka sahani.

"Marahaba."

Bibi Tereza akaonja. Akatafuna polepole. "Miaka hamsini nakula mgagani kwa kumheshimu mama mkwe," alisema. "Leo nakula kwa njaa yangu mwenyewe. Ongeza."

Kule Kisesa siku ya harusi, watu mia nne, hakuna sahani iliyorudi na mboga. Mshereheshaji aliposoma "mpishi wetu, Modesta wa Mirongo," vigelegele vilipasua hema. Modesta akasimama. Chenge naye akasimama, akapunga mkono, na hakuna aliyekuwa amemwita.