Kilemba cha Mbega na Tepe za Shaushi

Siku niliyomwona shaushi akivuliwa tepe mbele ya boma la Morogoro haijanitoka kichwani, mwanangu, nami nimeikumbuka tena juzi mlipokuwa mkibishana hapa barazani kwangu. Mwenzako alishikilia kwamba rubani wa ndege ya abiria, mwenye mistari minne begani, ni sawa na kanali. Wewe ukasema hafikii hata luteni, maana hana askari wa kumpigia saluti. Mlinipigia makelele mpaka chai ikapoa. Ubishi huo niliusikia kabla baba zenu hawajazaliwa.

Wakati huo Mjerumani ndiye mwenye nchi. Nilikuwa kijana wa Bigwa mwenye mabega mapana na akili kidogo, nikaandikwa upagazi wa kuleta mizigo ya serikali kutoka Kisaki hadi Morogoro. Wapagazi tulikuwa na kirangozi wetu, Mzee Mloka. Yeye ndiye aliyetangulia njiani, amevaa kilemba cha ngozi ya mbega, na desturi yetu ilikuwa kwamba hapitwi na mtu, awe nani. Askari waliotusindikiza walikuwa na mkubwa wao, Shaushi Farjala; shaushi ndiye sajini wa siku hizi, na ombasha ni koplo. Jioni, tukiota moto, tulibishana kama ninyi: kirangozi ni sawa na ombasha, au na shaushi, au ni raia tu mwenye manyoya kichwani? Tulicheka sana. Kicheko kiliisha tulipofika mto Ruvu.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na maji yalikuwa mekundu, yamemeza mawe yote ya kuvukia. Nasi tulikuwa na mgonjwa. Bi Zainabu, mkewe Shaushi, alikuwa mjamzito, na uchungu ulimshika njiani kabla ya wakati wake. Tulimbeba kwenye machela, mimi nikiwa mbele. Daktari alikuwa Morogoro, ng'ambo ya maji yale.

"Tunavuka," alisema Shaushi.

"Leo hatuvuki," alisema Mzee Mloka.

"Mzee, mke wangu anakufa."

"Namwona, Shaushi. Na maji nayaona."

"Mwenye amri hapa ni mimi."

"Ya bunduki, ndiyo. Ya njia umenikuta nayo."

Shaushi akakoki bunduki. Niliogopa, mwanangu, nisikufiche. Nyuma yangu Bi Zainabu alikuwa akiuma nguo asipige kelele, mbele yangu mto unanguruma, na hawa wawili wametazamana. Nilimwonea huruma Shaushi na nilimchukia, vyote pamoja.

Mzee Mloka hakurudi nyuma. Alivua kilemba chake polepole, akamvisha Shaushi juu ya tarabushi yake. Hatukuwa tumepata kuona jambo kama hilo.

"Haya, tangulia," akasema. "Nao watakufuata, hawawezi kukukatalia. Lakini kwanza waulize majina ya mama zao. Atakayechukuliwa na maji, mwenye kilemba ndiye anayekwenda kwa mama yake kumpa habari. Ndiyo kazi yenyewe. Huko mbele kutembea ni sehemu ndogo."

Shaushi akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu. "Mama yako nani?"

"Bi Mwanaidi wa Bigwa, Shaushi. Yu hai."

Sijui kwa nini niliongeza hilo la kuwa hai. Akamuuliza mwenzangu wa nyuma, akajibu. Akamuuliza wa tatu, naye machozi yakamtoka. Shaushi alimtazama, akautazama mto, halafu akamtazama mkewe kwa muda mrefu kuliko vyote. Akakivua kilemba kwa mikono miwili, akamrudishia mzee kichwani.

"Tunangoja," akasema.

Wake wa askari wengine, waliofuatana nasi, wakamzungushia Bi Zainabu kaniki zao. Alasiri mtoto alizaliwa, wa kiume, hakulia. Shaushi alichimba kaburi mwenyewe, Mzee Mloka akapiga magoti upande wa pili akawa anatoa udongo kwa viganja. Kesho yake maji yalipungua, tukavuka sote, na mama alipona. Kama tungevuka siku ile, je, mtoto angeishi? Mpaka leo sijui, na asije mtu akakudanganya kwamba anajua.

Tulipofika Morogoro, ofisa wa boma alikuwa amefura kwa hasira, maana mizigo ilichelewa. Akauliza ni nani aliyesimamisha msafara. Mzee Mloka akapiga hatua mbele. Shaushi akanyoosha mkono, akamzuia kifuani.

"Amri ilikuwa yangu, Bwana."

Pale pale tepe zake zilikatwa kwa kisu, sote tukitazama. Alikuwa amemzika mwanawe kwa neno la mzee yule, na kumnyooshea kidole kungekuwa rahisi. Hakumnyooshea. Mzee Mloka alivua kilemba akasimama kichwa wazi mpaka mwenzake alipoingia ndani, na tangu siku hiyo hakuacha kumwita Shaushi, hata mbele ya Wajerumani.

Kwa hiyo, mwanangu, mistari ya begani msiihesabu kwangu tena. Rubani na ofisa wa jeshi sijui nani anamzidi mwenzake. Ninachojua ni hiki: ukitaka kupima cheo cha mtu, tazama roho ngapi ziko mikononi mwake, na siku mambo yakiharibika atasema "ni mimi" au atatafuta wa kumsingizia. Na ukipewa wewe cheo, kikubwa au kidogo, usimpite anayeijua njia, wala usimwache ajibu peke yake.

Mungu akupe cheo utakachoweza kukijibia, akulinde nacho, na asikufikishe kamwe kwenye mlango wa mama wa mtu ukiwa umebeba habari ile.