Distributa ya Baba Mkwe

Kinyozi yule alikuwa mtu wa kupunguza. Nywele akizipunguza, watu walimshukuru; tatizo lilikuwa kwamba mkono wake haukujua kukaa bure hata nje ya saluni. Asubuhi hiyo, ili gari lipendeze mbele ya baba mkwe, aliamua kusafisha injini, na katika kusafisha akalegeza distributa, kile kichwa chenye nyaya kinachogawa moto kwa kila plagi. Alipotaka kuikaza tena, bolti ikakatikia ndani.

Mtu mwingine angepiga kite tu na kuendelea na shughuli zake. Lakini gari hilo la kizamani alipewa na baba mkwe siku ya harusi kwa sharti moja: injini isisikike vibaya. Mzee, dereva mstaafu, alikwisha kumnyang'anya funguo mara mbili kwa sababu ya mlio tu. Mara ya tatu, alisema, gari litahamia moja kwa moja kwa mwanyumba wake, mume wa mdogo wa mkewe, bwana mmoja anayefungua chupa za soda kwa meno. Na mchana huo huo mzee alikuwa anatoka hospitali, akiwa amefungwa bandeji macho yote mawili, na hataki kupanda gari jingine lolote.

"Hiyo bolti nitaitoboa kesho," fundi makanika alisema. "Leo labda mtu aishike distributa kwa mkono."

Fundi alikuwa anatania. Kinyozi hakutania. Wakaing'oa boneti yote, wakaiegemeza saluni penye kioo, na mteja aliyeingia akakaa kando yake bila kuuliza. Kisha kinyozi akamwita shemeji yake, mtoto wa kiume wa mzee, karani wa bima, ambaye alifika na shati jeupe na tai.

"Shemeji, wewe kaa hapa juu ya madigadi, uishike tu. Nikipiga honi moja, tunapanda mlima, izungushe nyuma kidogo, moto uchelewe, injini isigonge. Honi mbili, ipeleke mbele."

"Nimewauzia watu bima ya maisha miaka yote hii," karani alisema, akiitupa tai yake begani isije ikaliwa na feni. "Sijawahi kuihitaji mwenyewe kama leo."

Hospitalini mzee aliongozwa na muuguzi hadi kiti cha mbele. Muuguzi alimwona karani amechuchumaa juu ya injini, akafungua mdomo. Karani akajiwekea kidole midomoni. Muuguzi akaufunga mdomo wake, akarudi ndani akitembea upesi kuliko kawaida.

Injini ikawaka, ikaunguruma vizuri. Kinyozi akapiga honi mbili.

"Kuna nini?" mzee akauliza.

"Mbuzi, Baba."

Mbele kidogo akapiga tena.

"Mbuzi tena?"

"Ni yule yule, Baba."

"Ana mbio huyo."

Penye makutano ya barabara, muuza mayai aliacha trei zake akashika kiuno. "We kaka! Umekosa nauli ya kukaa ndani?"

"Nani huyo?" mzee akauliza.

"Muuza mayai, Baba. Anakusalimia."

"Mimi nimekosa nauli?"

Mlima ulikuwa umeanza. Akapiga honi moja. Karani, ambaye wakati huo alikuwa anamweleza muuza mayai kwa ishara kwamba mambo ni magumu, akapeleka mbele badala ya kurudisha nyuma. Injini ikaanza kugonga kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Karani akababaika, akashika waya wa plagi uliochubuka, moto ukamrusha.

"Mama weee!"

Gari likazimika. Mzee akageuza sikio.

"Hiyo ni sauti ya mwanangu."

"Ndiyo, Baba."

"Yuko wapi?"

"Yuko mbele, Baba."

"Mbele wapi?"

"Mbele ya kioo."

Mzee akafungua mlango, akapapasa ubavu wa gari hadi alipogusa goti la mwanawe, akalipita, akaifikia distributa. Akaitikisa. Ilicheza kama jino la mtoto. Kinyozi alikwisha kuchomoa funguo na kuzishika kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi maiti.

"Nani amekufundisha kuipeleka mbele mlimani?" mzee alimwuliza mwanawe. "Shuka hapo."

"Baba, umefungwa macho!"

"Kwani taimingi ya moto inatazamwa? Inasikilizwa. We mkwe, washa!"

Kinyozi akawasha. Mzee akapanda juu ya madigadi na vazi lake la hospitali, akainamisha kichwa, akaizungusha distributa upana wa unywele. Misumari ikatoka koponi. Gari likapanda mlima likinong'ona, na njia nzima mzee alikuwa akigonga bati: mara moja kanyaga, mara mbili acha. Karani alikaa kiti cha mbele, mikanda imefungwa, akipunga mkono kama mheshimiwa.

Mama mkwe alikuwa langoni. "Baba watoto! Daktari si amekukataza upepo?"

"Upepo uko wapi? Nimekaa kwenye injini."

Kisha, mbele ya wote, mzee akachomoa nyaya, akaing'oa distributa nzima, akaifunga kwa taulo la hospitali na kuikumbatia.

"Hizo funguo rudisha mfukoni," akamwambia kinyozi. "Gari ni lako, sitalichukua tena. Hii itakuwa ikilala kwangu kila siku, na bila hii haliwaki."

Mwanyumba alipopata habari alikuja mbio, akaambiwa gari lina mwenyewe; akafungua soda moja, akaondoka. Kinyozi sasa humwambia kila anayekaa kitini pake kwamba lile gari pale nje ni lake, halina mgogoro na mtu.

"Basi nipeleke kituoni," mteja mmoja alimwambia, akijifuta shingo.

Kinyozi akatazama saa ya ukutani. "Subiri kidogo. Baba mkwe bado amelala."