Jina Zito la Binti wa Lasiyem

Kila alipovua kandambili zake mlangoni, Lasiyem alizigeuza zikaelekea nje. Alifanya hivyo kwa watu na alifanya hivyo hata nyumbani kwake. Kwenye ngazi za darasa langu wazazi wengine waliziacha zao shaghalabaghala, lakini zake zilikaa kama ziko kwenye foleni ya kuondoka. Nilipomuuliza alisema, "Mwalimu, mtu asiye na karatasi akikimbizwa hana muda wa kugeuza viatu." Baadaye karatasi alizipata, zikiwa na picha na mhuri, na kandambili bado alizigeuza.

Alikuwa Mjava kama mimi. Sote wawili tulivuka mpaka wa nchi yetu kwa boti tukafika Sabah, ugenini. Yeye alikuja angali msichana, kuokota chikichi zinazodondoka chini ya michikichi. Mimi nililetwa na serikali yetu kufundisha watoto wa wafanyakazi wa mashamba, kwa mkataba mfupi ambao niliurefusha tena na tena, hadi nikaacha kujiuliza kwa nini. Alinizidi umri kidogo, kwa hiyo nilimwita Yu Yem, kama wadogo wanavyomwita dada mkubwa. Mimi aliniita Mwalimu, hata tulipokuwa tumekaa jikoni kwake tukimenya vitunguu.

Alikuwa na mtoto mmoja tu. Kwenye cheti cha hospitali mtoto huyo aliandikwa Retno Kusumaningrum. Jina hilo alilichagua baba yake, kijana mkata mikungu ya chikichi aliyependa mambo makubwa, na ni jina la mabinti wa majumba ya kifalme. Mtoto alilibeba majuma machache, kisha akaanza kuugua. Homa ikawa inapanda na kushuka na kupanda tena. Zahanati ya shamba ilimpa dawa, akapata nafuu, akalala tena. Kwetu hali hiyo inajulikana: mtoto amezidiwa na jina. Jina zito, mwili mdogo. Lasiyem hakungoja ushauri wa mtu. Alipika uji wa mchele, nusu mweupe, nusu mwekundu kwa sukari guru, akaita majirani wa kambi ya wafanyakazi, Wajava kwa Wabugisi, akawaambia, "Kuanzia leo huyu ni Jumi. Lile jingine mtu asilitamke mbele yake." Wakala uji, wakaondoka. Mtoto akapona.

Mimi nimesoma chuo. Najua vidudu vya malaria havisomi majina. Lakini mtoto aliyeletwa darasani kwangu aliitwa Jumi, akaitika Jumi, akaandika Jumi juu ya kila daftari hadi alipomaliza shule ya msingi, na cheti chake nilikiandika kwa jina hilo kwa mkono wangu. Wakati huo baba yake alikuwa ameshahamia kwenye kambi za wakata mbao, akaoa huko, akanyamaza.

Shida ilianza na sekondari. Shambani kwetu haikuwepo. Jumi na wenzake kadhaa walipata nafasi katika shule ya bweni ng'ambo ya mpaka, nchini kwetu, na boti ya kuwachukua ilikuwa imeshapangwa. Asiye na pasipoti hapandi. Jumi hakuwa nayo. Alizaliwa ugenini na hakuwa amewahi kuvuka kwenda popote. Basi tukaenda mjini watatu, kwenye ofisi ya serikali yetu.

Afisa wa dirishani aliitwa Yusrizal, kijana mpole kutoka Sumatra, shati lake limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Aliweka cheti cha hospitali kando ya cheti changu cha shule.

"Mama, hawa ni watoto wawili."

"Ni mmoja," Lasiyem alisema.

"Hapa Retno. Hapa Jumi."

"Retno lilikuwa zito. Tukalitua."

"Mlilitua mahakamani?"

"Tulilitua kwa uji."

Afisa alinigeukia mimi, kama watu wanavyomgeukia mkalimani. Nilimweleza. Hakucheka. Alisema cheti cha kuzaliwa ndicho mama wa karatasi zote, na pasipoti lazima imfuate mama yake. Angeweza kuongeza maelezo kwenye ukurasa wa ndani kwamba mtoto anajulikana pia kama Jumi. Na cheti cha shule Mwalimu angekiandika upya kwa jina la Retno, mambo yakaisha.

"Hapana," alisema Lasiyem.

"Mama, ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, andika Jumi."

Nilimvuta pembeni, karibu na mtungi wa maji ya kunywa. "Yu, boti haitatungoja. Nyumbani mwite Jumi, kwa maafisa awe Retno. Kuna ubaya gani?"

"Mpakani watamwita kwa sauti. Shuleni watamwita kila asubuhi. Na yeye ataitika, kwa sababu umemfundisha adabu. Akishikwa na homa huko bwenini, atakuwa na nani? Na wewe?"

Nilirudi kukaa kando ya Jumi.

Pale ofisini, mtu akishapokelewa dirishani, hukaa ukumbini akasubiri kuitwa kwa kipaza sauti aende kupigwa picha. Yusrizal alikuwa ameshaingiza jina la kwenye cheti.

"Retno Kusumaningrum, chumba cha picha."

Lasiyem alikuwa anamenya karanga za kuchemsha. Jumi alitazama vidole vyake vya miguu. Mkono wa mama yake ulikuwa juu ya goti lake.

"Retno Kusumaningrum."

Mwanamke aliyekaa jirani yetu, mwenye mtoto mchanga mapajani, akainama. "Dada, huyo si wenu? Nimesikia pale dirishani."

"Hatumjui."

"Jina zuri namna hiyo linapotea bure. Si mnipe mimi?"

"Lichukue. Ila uwe na mgongo."

Watu wa benchi letu wakacheka. Jina likaitwa mara nyingine, kisha akaitwa mtu mwingine, nasi tukarudi shambani bila picha.

Safari iliyofuata mambo yalikuwa yale yale. Mlinzi wa getini alishatujua. "Binti mfalme kaja leo?" aliuliza. Lasiyem akamjibu, "Bado yuko njiani, farasi kachoka."

Kambini hakuna aliyecheka. Siku ya boti ilikuwa inakaribia. Hasnah, jirani yao Mbugisi ambaye mwanawe alikuwa ameshapata pasipoti, alisimama mlangoni kwa Lasiyem, mikono kiunoni.

"Yem, unamnyima mtoto shule kwa kiburi chako."

"Kiburi nilikiacha Java. Boti ilikuwa imejaa."

"Haya, fanya mzaha. Wenzake watarudi likizo wanajua hesabu za herufi, wako atakuwa anaokota chikichi."

Jumi aliyasikia yote. Nilimkuta nyuma ya nyumba, macho yamevimba. "Mwalimu, mimi sijali naitwa nani," aliniambia. "Mimi nataka kwenda tu." Nilipeleka maneno hayo kwa mama yake kama yalivyo. Aliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka.

"Ana haki ya kulia," alisema mwishowe. "Na mimi nina haki ya kukataa."

Tulirudi mjini. Jina likaitwa, likaitwa tena, na ukumbi mzima ukatugeukia kuona tutafanya nini. Hatukufanya kitu. Kipaza sauti kikanyamaza. Mlango ukafunguka, Yusrizal akatoka mwenyewe, akapita katikati ya mabenchi, akachuchumaa mbele ya msichana.

"Jumi," alisema kwa sauti ya chini.

Jumi alisimama upesi hadi karanga zikamwagika.

"Umeona, mwanangu?" Lasiyem akamwambia afisa. "Masikio yake mazima. Nyinyi ndio mlikuwa mnamwita mtu mwingine."

Yusrizal alituingiza ndani. Alisema njia ipo, ila ni ndefu: tamko la mzazi, vyeti vya shule, na watu wazima wawili waliokuwepo jina lilipobadilishwa. Yote yapigwe mhuri, yapelekwe makao makuu, yasubiriwe.

"Mbona hukutuambia mwanzoni?" nilimuuliza.

"Kwa sababu boti itaondoka, Mwalimu. Nilidhani mnachotaka ni boti." Akamgeukia Lasiyem. "Mama, nakuuliza mara ya mwisho. Ukikubali Retno, napiga picha sasa hivi na mtoto anaondoka na wenzake. Ukitaka Jumi, sijui lini. Na nafasi ya shule siwezi kumshikia mimi."

Jumi alimtazama mama yake. Sijawahi kuona mtoto akiomba kwa macho kiasi kile.

"Mwaka hurudi," alisema Lasiyem. "Mtoto harudi."

Shahidi wa kwanza kujitolea alikuwa Hasnah. Nilistaajabu, naye akanikaripia. "Uji niliula, Mwalimu. Nitasemaje sikuula? Kwamba Yem ni mkaidi hilo ni jambo lake lingine."

Boti iliondoka. Niliwasindikiza wale wengine. Jumi hakuja gatini. Mwaka ule alinisaidia kuwafundisha wadogo kusoma, na kwa muda mrefu hakuzungumza na mama yake ila kwa kupitia paka. "Mwambie mama wali umeiva." Lasiyem alimjibu paka vilevile, kwa heshima zote.

Nilikuwa natembea jioni kati ya mistari ya michikichi nikiwaza juu yao. Wengi wetu hubeba tulichovishwa. Mimi nilibeba mkataba, nikabeba ndoa hadi ikanidondoka yenyewe, na sikuwahi kusimama mbele ya mtu yeyote nikasema kitu hiki ni kizito, sikitaki. Sijui kama Lasiyem alikuwa na haki. Najua hakutikisika, hata pale aliyekuwa analia alikuwa mwanawe wa pekee.

Jibu lilikuja baada ya mvua kubwa. Pasipoti ilikuwa na neno moja tu kwenye nafasi ya jina. Lasiyem alilisoma kwa sauti, akalirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Kisha akampa Jumi aisome, na Jumi akaisoma, na siku hiyo paka alipumzika.

Shule ilimpa Jumi nafasi nyingine mwaka uliofuata. Waliondoka wote wawili, maana mgongo wa Lasiyem ulikuwa umechoka na magunia. Gatini afisa wa mpakani alifungua pasipoti akauliza, "Jumi nani?" Msichana akajibu kabla ya mama yake, "Jumi tu." Akagongewa mhuri.

Hatukuonana tena. Nilikuwa nimembebea Lasiyem kikapu chake, na nilipokuwa nampa nilimwambia kwamba kile cheti cha hospitali bado kiko kwenye faili la ofisi, na siku moja afisa mwingine atakifungua aulize Retno yuko wapi.

Alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani ya boti.

"Mwambie homa ilimchukua, nami sikumdai."