Kiganja Juu ya Prosesa

Mume wangu haamini kitu mpaka akiguse. Hivyo ndivyo kiwanda cha majani chai kilivyomlea. Alikuwa fundi wa umeme pale Mogogosiek, na nusu ya kazi yake ilikuwa kupita kwenye mota na draya za kukaushia majani akiweka kiganja juu ya kila kitu na kuhesabu kimoyomoyo. Ukifika kumi bila kuondoa mkono, mota iko sawa. Ukiuondoa kwenye nne, zima, mwite mkubwa. Vipimajoto vilikuwepo, vingi tu, lakini yeye alishikilia kwamba vipimajoto hudanganya na kiganja hakijawahi. Nyumbani alipima hivyo hivyo: pasi, redio, uji wa mtoto, paji langu la uso nikinuna. "Saba," angesema, halafu aende zake.

Basi mtu wa aina hiyo ukimpa gazeti la kompyuta, umejitafutia.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na mimi nilikuwa na chumba kimoja pale sokoni cha kupiga chapa. Barua za kuomba kazi, mitihani ya shule, katiba za vikundi vya akina mama, yote yalipita mikononi mwangu. Kompyuta tuliinunua Kericho ikiwa imeshatumika, na prosesa yake, ule ubongo wa mashine, ilikuwa ya megahezi mia moja sitini na sita. Nalijua hilo kwa sababu niliambiwa kila siku, hata tukiwa njiani kwenda kanisani.

Mama mkwe wangu nyumba nzima tulimwita Kogo, yaani nyanya, tangu mtoto wetu aanze kuongea. Yeye mimi aliniita yule wa ziwani. Hakulisema kwa ubaya sana, alilisema kama mtu anavyosema yule wa duka. Waliotoka upande wa ziwani ni wazazi wangu, walipokuja kufanya kazi kwenye majani chai. Mimi nilizaliwa Kericho, kwenye nyumba za kampuni, na ziwa lenyewe nilikuwa nimeliona mara nne, moja nikiwa nimebebwa mgongoni na kulala fofofo. Lakini kilichonimaliza kwa Kogo hakikuwa ziwa. Kilikuwa ng'ombe.

Wiki ya kwanza ya ndoa nilipewa ndoo na mkebe wa mafuta ya kukamulia, yale kila mtu huita milking jeli, nami nikachota kama mtu anayejipaka baada ya kuoga. Kogo akanishika mkono. "Kidogo," akasema. "Ikipata joto ya ng'ombe inayeyuka, inaingia kwa maziwa." Nikapunguza. Ng'ombe akanipiga teke hata hivyo. Tangu siku hiyo sikuombwa kitu tena katika boma lile. Nilipikiwa chai kama mgeni. Miaka minne ya kupikiwa chai kama mgeni inachosha kuliko kukamua, mniamini.

Kwa hiyo Kogo alipoingia chumbani kwangu pale sokoni, akakaa, akafungua kitambaa cha kichwa alichokuwa amekunjia kitu, nilidhani amekosea mlango. Ilikuwa picha ya baba mkwe, ambaye alikufa kabla sijaolewa. Ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa: mzee amesimama mbele ya majani chai, kofia kichwani, macho yake yakitazama kamera kana kwamba inamdai maelezo. Familia ilikuwa inaenda kuweka jiwe kaburini, kungekuwa na ibada, na Kogo alitaka karatasi ya ratiba yenye uso wake mbele. "Wewe uko na mashine," akaniambia. "Lakini picha irudi kwa ukuta leo leo."

Niliipeleka Kericho pamoja na kompyuta kwa mtu mwenye skana, akaiingiza humo moja kwa moja, nikairudisha ukutani kabla ya saa kumi na moja. Na nitasema wazi, ile karatasi niliitaka itoke vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchapa. Nilitaka Kogo aishike mbele ya watu wa kanisa na mtu amuulize nani ameitengeneza, naye ajibu kwa neno lingine lolote, lakini si ziwani.

Shida ilikuwa kompyuta. Ile picha ukiisogeza kidogo tu kulia, mashine ilinyamaza. Ungeweza kwenda kununua mandazi, ule, upanguse midomo, urudi uikute bado inafikiria. Nililalamika kwa mume wangu, na hilo ndilo kosa langu la kwanza katika hadithi hii.

Injinia mmoja aliyehama kiwandani alikuwa ameacha rundo la magazeti ya kompyuta ya ng'ambo, na mume wangu alikuwa anayasoma kama mtu anayejiandaa kuhubiri, kalamu nyekundu mkononi. Moja lilieleza kwamba prosesa inaweza kukimbizwa kupita mwendo ulioandikwa juu yake, mradi ufanye hivyo kwa usalama. Hapo kwenye usalama, haki yake nimpe. Alilitii lile gazeti kuliko anavyonitii mimi. Panda hatua moja tu kwa mara moja. Volti usiziguse. Kila hatua, iache mashine ifanye kazi siku nzima uone kama itaganda. Angalia joto. Na kabla ya yote, toa nakala ya kazi yako. Nikatoa nakala ya kila kitu kwenye disketi, isipokuwa picha ya mzee. Ilikuwa kubwa kuliko disketi yoyote niliyokuwa nayo, basi ikabaki humo ndani peke yake.

Kumbe kazi yenyewe ni ndogo mno. Kwenye ubao wa ndani kuna vipini vimesimama, na vipini hivyo vimevishwa vifuniko vyeusi vidogo kuliko punje ya mahindi, vinaitwa jampa. Ukihamisha moja, prosesa inaambiwa iende mbio zaidi. Basi. Kwa mtu aliyeibeba nyumbani akashinda na bisibisi Jumapili mbili, nilitarajia kitu kikubwa zaidi. Lakini mashine ilipowaka na kuandika mia moja themanini na saba, aliniita kutoka kwenye kamba ya nguo kana kwamba amejifungua.

Kilichomtatiza ni mafuta. Juu ya prosesa hukaa kipande cha aluminiamu chenye meno kama kitana, na juu yake kifeni. Katikati ya prosesa na kile kipande panatakiwa kupakwa mafuta mazito ya kupitisha joto. Yale ya zamani yalikuwa yamekauka kama ukoko wa uji, akayakwangua. Duka la Kericho likamwambia mapya yatatoka Nairobi, asubiri, na ibada ilikuwa wiki tatu mbele. Akawaza. Mimi huogopa akiwaza. Kesho yake akaja na kitu kwenye kikopo cha filamu ya kamera. "Nimepata," akasema, nami sikuuliza, maana nilikuwa na mitihani ya darasa la sita ya kumaliza.

Wiki mbili mashine ililala ubavu kwenye meza yangu pale sokoni, karibu na dirisha, kifuniko chake kimetolewa, baridi ya Mogogosiek ikiingia itakavyo. Kila akitoka zamu alipita, akaweka kidole kwenye aluminiamu na kuhesabu. Kumi. Siku zote kumi. Haikuganda hata mara moja. Mandazi nilinunua bado, lakini sasa sikuwahi kumaliza kula kabla picha haijasogea. Nilikiri mbele yake kwamba ameweza, jambo ambalo sikulifanya mara kwa mara, kwa sababu likishafanyika analikumbuka.

Siku ya kuchapa, Kogo alituma neno kwamba atakuja kuona mwenyewe.

Nilisafisha kile chumba kama kinachotembelewa na askofu. Mashine iliyolala uchi ubavuni ilinitia aibu, basi nikairudishia kifuniko, nikaisimamisha wima inavyopaswa kusimama mbele ya watu. Mvua ilikuwa imeanza, nikafunga dirisha. Halafu nikatoa kitambaa. Kogo alikuwa ametupa kitambaa cha kufuma siku ya arusi yetu, cheupe chenye pindo la buluu, na hicho ndicho kitu pekee alichowahi kunipa kwa mkono wake. Nikakitandaza juu ya kompyuta, pembe zikashuka vizuri pande zote, mbele na nyuma. Nilirudi nyuma hatua mbili kukitazama. Kilipendeza sana.

Kogo akaja amelowa mabega, mwanawe nyuma yake. Akakaa. Akakiona kitambaa. Nikafungua ukurasa, nikaingiza karatasi, nikaiambia printa ichape. Zile printa za wino zilichora mstari mwembamba kwa mstari mwembamba, zikienda kulia na kushoto. Ikatoka kofia. Likatoka paji la uso. Zikatoka nyusi.

Halafu printa ikanyamaza. Nikabonyeza. Nikasogeza kipanya, mshale ukakataa kusogea. Skrini ilikuwa imeganda jii.

"Macho iko wapi?" Kogo akauliza.

Mume wangu akaweka kiganja juu ya kitambaa. Hakufika tatu. Alichomoa waya ukutani bila hata kuniangalia. Picha ya mzee ilikuwa humo ndani na hakuna mahali pengine ilipokuwa, isipokuwa kwenye ukuta ambao nisingethubutu kuuomba mara ya pili.

Kogo alikuwa ananusa. Aliinama, akanusa tena kwa makini, uso wake ukiwa wa mtu aliyekutana na jirani mahali asipomtarajia. "Kwa nini hapa inanuka kama saa ya kukamua?"

Nikamgeukia mume wangu. Yeye akaitazama printa kana kwamba imemwita kwa jina.

"Nilichukua kidogo," akasema.

"Kidogo namna gani?"

Akaonyesha kidole, hadi kifundo cha pili. Tulipofungua kifuniko tukayaona: mafuta ya kukamulia yameyeyuka yote, yameteremka ubaoni kama mlenda. Wiki mbili mashine ikiwa imelala, yalikuwa yametulia mahali pake. Nilipoisimamisha na ikapata joto, yakatafuta njia ya chini. Nilikuwa nimeshajaza mapafu kumwambia mtu yule yote aliyostahili kuambiwa, na yalikuwa mengi, wakati Kogo alipoinua kitambaa kwa vidole viwili.

"Na hii, nani ameweka?"

Kilikuwa kimefunika matundu yote ya kutolea joto. Mbele na nyuma.

"Mimi," nikasema.

"Mashine ya moto unafunika kama mtoto yuko na baridi?"

"Ni kile ulichotupa. Nilitaka ukione." Sauti ilinitoka ndogo, ya msichana wa wiki ya kwanza na ndoo yake. Niliona aibu, tena aibu ya kweli. Mume wangu, Mungu ambariki, hakucheka.

Kogo alikishika kile kitambaa muda, akapitisha kidole kwenye pindo la buluu. Halafu akampa mwanawe. "Pangusa na hii."

"Kogo, kitaharibika," nikasema.

"Nitashona ingine. Pangusa. Na urudishe hiyo kitu vile ilikuwa."

Akapangusa. Fundi wa kiwanda kizima, akiamriwa na mama yake, alipangusa hadi kwenye pembe, kisha akairudisha jampa mahali pake pa mwanzo, mia moja sitini na sita. Tukailaza mashine ubavu, tukafungua dirisha, mvua ikarushia matone mezani na hakuna aliyejali. Tukangoja ipoe. Kogo ndiye aliyemimina chai kutoka kwenye thermosi yangu, akanipa kikombe cha kwanza mimi, na sikujua kama ni ya mgeni au ya nani.

Ilipowaka, nilifungua faili ya picha na kuanza kuhesabu. Nilifika kumi. Nikafika ishirini. Nikapita sitini, na mkono wangu ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Halafu ile picha ikaanza kujitandaza kwa uvivu wake wa zamani, na sijawahi kupenda uvivu wa kitu chochote kiasi kile.

Nikaingiza karatasi mpya. Printa ikaanza: kulia, kushoto. Ukingo wa kofia. Kofia. Paji la uso.

"Ikija mafuta yenyewe kutoka Nairobi," mume wangu akaanza, "naweza kuifanya hii itoke kwa nusu ya..."

"Wacha," Kogo akasema. Alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza. "Mzee alikuwa anakuja hivyo hivyo. Akitoka kwa kituo ya kupima majani, anapanda kutoka huko chini, mimi niko kwa mlango. Naona kofia kwanza. Nangoja. Halafu naona macho."

Macho yakatoka. Yakafuata mabega na majani chai yote, na karatasi ikaanguka kwenye trei. Kogo aliiokota, akaiweka mapajani bila kuikunja.

"Msichana yangu," akaniambia, "rudia."

Nikaingiza karatasi nyingine. Mume wangu alikuwa amekaa nyuma yetu, mikono yote miwili mfukoni.