Mursik ya Kogo na Mafuta ya Chips

Kazi yangu ni kukaanga chips hapa mtaa wa Free Area, kwa kibanda ya mama mmoja mkali mwenye kila mtu anamwita Mathe. Hakuna mtu aliniambia nikule. Lakini utajua aje chips zimeiva kama hujaonja? Nilianza na moja. Miaka mbili baadaye kuonja kulikuwa sahani mzima, pamoja na ngozi ya kuku na zile vipande zinabaki chini ya karai.

Halafu tumbo ikaanza. Ilikuwa inachoma, inakaza, inanikimbiza choo katikati ya wateja.

"Leo umekaa huko kuliko hapa," Mathe akaniambia. "Nikupelekee karai huko ukaangie?"

Nikaenda kliniki moja Lanet. Daktari alikuwa msichana wa rika langu.

"Unakulanga nini?"

"Chips."

"Na mboga?"

"Kachumbari."

"Ya kula ama ya kupamba sahani?"

Akanieleza pole pole. Ndani ya utumbo kunaishi bakteria, na wengine ni wazuri, wanalinda nyumba. Ukimwaga mafuta mingi kila siku, wale wazuri wanapungua, wabaya wanajaa, na utumbo unavimba ndani. Akasema niwache mafuta mwezi mmoja, nikule mboga na maharagwe, na nikunywe maziwa iliyoganda kwa sababu iko na hao wazuri.

"Isipotulia, tutaangalia na kamera."

"Kamera ni sawa, mimi napenda picha."

"Hii haipigi uso," akasema. "Na haipitii mdomo."

Nilitoka huko nikitembea vizuri sana.

Nikapigia kogo, nyanya yangu, kule Keringet. Akanitumia kibuyu yake imejaa mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Akasema ikiisha niongeze maziwa imechemshwa na kupoa, nifunge, ningoje. Hiyo tu. Mengine aliona kila mtu anajua.

Mursik iliisha siku nne. Nikachungulia ndani ya kibuyu: nyeusi tititi, masizi kila mahali. Na mimi Mathe amenifunza chombo lazima ing'ae. Nikachukua maji moto, sabuni ya vyombo na ile waya ya sufuria, nikasugua mpaka mkono ukauma. Kibuyu ikatoka safi. Nikaweka maziwa, nikangoja.

Siku ya kufungua ilinuka ndimu na kitu imekufa. Nilikunywa kikombe moja hata hivyo, juu ya kuogopa kamera. Kesho yake sikuenda kazi.

Jumapili nikabeba kibuyu mpaka Keringet. Kogo akafungua, akanusa.

"Umeosha na nini?"

"Sabuni."

"Ya nguo?"

"Ya vyombo."

"Afadhali," akasema. "Unajua kwa nini tunawacha nyeusi?"

"Sabuni ilikuwa mbali?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akachoma kijiti ya senetwet, ule mti wa kupaka kibuyu, akasugua makaa yake ndani mpaka ikarudi nyeusi. Akasema hiyo ndio inafanya maziwa igande bila kuoza. Akaweka maziwa, akaongeza mursik kidogo kutoka kwa kibuyu yake ingine, akaniwekea kwa magoti.

"Na hizo chips umewacha?"

"Nimepunguza, kogo."

"Umepunguza aje?"

"Nakula zenye zimeungua peke yake."

Akachukua kibuyu kutoka kwa magoti yangu, akaenda nayo jikoni.

"Basi hii siwezi kukupea. Siwezi tuma maziwa yangu ikapigane na karai yako."

Nilidhani ni mchezo. Tukakula ugali na mboga, chai ikaisha, jua likaanza kushuka, kibuyu bado iko jikoni. Nikaenda nikamwambia sitaonja hata moja, nikiwa serious mara ya kwanza tangu nimalize darasa la nane. Akaniangalia usoni. Akanipea.

Mwezi ukiisha nikarudi Lanet. Daktari akafinya tumbo hapa na hapa.

"Inauma?"

"Kidogo, hapo kando."

"Unaenda choo mara ngapi?"

"Kama binadamu."

Nikamuuliza kama ni mursik imenitibu. Akasema hajui, inaweza kuwa imesaidia, lakini yeye angeshukuru kwanza kuacha mafuta. Kamera tukawacha kwa sasa. Akaniambia nisirudie hizo chips.

Siku hizi bado nakaanga. Chips zikikaribia kuiva, natoa moja nampea mteja wa kwanza kwa laini.

"Onja boss, imeiva?"

Juzi mmoja alikataa. "Mbona wewe huonji? Umeweka nini humo?"

Mathe akamjibu kabla yangu. "Kula tu. Huyo nyanya yake amemkataza."

Mteja akaonja, akasema bado kidogo. Nikarudisha kwa mafuta.