Maharage ya Mama Hayapikwi

Tangu niolewe, mbegu za bustani yangu hapa Izia zilikuwa zinatoka Mbeya. Si kwamba mjini kwetu Sumbawanga hakuna mbegu. Maduka ya pembejeo yapo, sokoni zipo, na mume wangu ana simu ambayo akiibonyeza mbegu zinaagizwa hata Dar es Salaam. Lakini mama mkwe anaishi Mbeya, na kwake yeye kitu kisichotoka Mbeya hakijatoka popote. Kila mwaka, mvua zikianza kupungua na wakati wa kupanda maharage ukifika, pakiti ilishuka na basi: maharage mekundu ya aina moja, yamepakwa dawa, na maelekezo ya kupanda yakafuata kwa simu. Bustani yenyewe ni kipande kidogo nyuma ya nyumba. Nalima mimi, anachagua yeye. Nilinyamaza miaka yote hiyo, na kunyamaza kwangu kukaitwa adabu.

Kisha mama yangu mzazi akafariki, kule nyumbani Kaengesa, na kaka yangu akaamua kubomoa jiko lake la udongo ajenge la matofali. Niliposikia tu nikampigia. Nilijua kwamba juu ya mafiga, kwenye moshi, kinaning'inia kibuyu cha mbegu: maharage ya mchanganyiko, ya njano, meusi, yenye madoa, ambayo mama alipewa na mama yake akayapanda maisha yake yote.

"Niletee kile kibuyu," nikamwambia.

"Dada, hayo ni ya mwaka juzi. Mama alipougua hakupanda. Yameshakufa hayo."

"Hayajafa mpaka niyapande nione."

"Si kuna maduka hapo mjini kwenu? Unahangaika na nini?"

"Sijakuuliza habari za maduka."

Kibuyu kikaja. Wadudu walikuwa wameshaingia, na yaliyobaki mazima hayakuwa mengi. Yasipopandwa mwaka ule ndiyo basi, maana siku hizi kijijini kwetu kila mtu ananunua za pakiti. Na pakiti ya Mbeya ilikuwa imeshafika. Ningeweza kugawa bustani, nusu kwa nusu, kila mtu aridhike. Sikutaka kugawa.

"Sasa mama nitamwambia nini?" mume wangu akauliza.

"Mwambie ukweli. Ukishindwa, nipe simu."

Alishindwa. Nikaichukua simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Zile mbegu zangu umeshapanda?"

"Hapana, mama. Ziko kabatini. Mwaka huu napanda za mama yangu."

Akauliza kama nimeelewa alichoniuliza. Nikamwambia nimeelewa vizuri.

Sikuchimba matuta marefu anayoyataka yeye. Nilifyeka majani, nikayafukia, nikainua vilima vya duara tunavyoviita intumba, kama tulivyokuwa tunafanya na mama yangu. Jirani akachungulia juu ya ua, akacheka.

"Mama, unazika nani?"

"Nimeshazika tayari," nikamjibu, na kicheko kikamwishia.

Mengi hayakuota. Kila asubuhi nilikwenda kuangalia, na vilima vingine vilibaki vitupu hivyohivyo. Siku moja nililia pale pale bustanini, kwa hasira kuliko huzuni, kwa sababu kila mtu alikuwa ameniambia na mimi sikusikia. Lakini machache yakatoa vichwa, huku moja, kule mawili. Hayo niliyakinga na kuku kwa fimbo mpaka watoto wakanicheka.

Mama mkwe alikuja wakati wa baridi, nimeshavuna. Akayakuta yameanikwa kwenye ungo, hayajafunika hata ungo wenyewe. Akayachambua kwa vidole.

"Haya ndiyo yaliyozishinda zangu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nipikie niyaonje."

Mume wangu akanitazama. Mkwe hanyimwi chakula, najua. Mama yangu mwenyewe ndiye aliyenifundisha, na angekuwepo labda angenikonyeza niyapike mambo yaishe.

"Hayo hayapikwi, mama. Ni ya kupanda. Nakuchinjia jogoo."

"Mimi unaninyima maharage?"

"Hayo, ndiyo."

Jogoo alimla, mpaka mifupa akaivunja. Kisha akamwambia mwanawe, nami nimekaa pale pale, kwamba mke wake ana kiburi na wala haijulikani amekitoa wapi. Mimi najua nilikokitoa.

Alipoondoka nilimfungia pakiti yake ya Mbeya kama ilivyokuja. Maharage nikayarudisha kibuyuni, nikakitundika juu ya jiko langu. Hakijafika hata nusu. Anayetaka maharage ya kula, soko liko wazi.